Somo la Ijumaa: Mtoto Akikawia Kuzaliwa

Bismillahi Rrahmani Rrahim. 

Ndugu Muislamu, somo la leo ni la akina mama, lakini wababa msikunje karatasi. Mimba ikifika mwezi wa tisa nyumba nzima huanza kuhesabu siku. Mama mkwe anauliza kila asubuhi: bado? Jirani analeta chupa ya dawa ya majani. Na wewe mume, kwa woga, unasema: anywe tu, tumalize. Hapo ndipo hatari inapoingia.

Kwanza ujue hesabu. Tarehe iliyoandikwa kwenye fishi ya CPN ni makadirio: siku 280, yaani majuma 40, tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Ni kama mama mmoja tu katika 20 anayezaa siku hiyo yenyewe. Na ikiwa mama hakumbuki vizuri hedhi yake, huyo unayemwita mchelewaji huenda hajafika wakati wake. Kabla ya majuma 37 mapafu ya mtoto yanaweza kuwa hayajakomaa. Hata baada ya hapo, kama mama na mtoto ni wazima, kungoja mpaka 39 ni bora.

Sasa tende. Sote tunajua habari ya Bibi Maryam, amani iwe juu yake, katika sura yenye jina lake. Uchungu ulimpeleka kwenye shina la mtende, akiwa peke yake na huzuni kubwa. Akaambiwa asihuzunike, akaonyeshwa maji chini yake, akaamriwa atikise shina, tende mbivu zimwangukie, ale na anywe. Tazama mpango huo: moyo ulitulizwa kwanza, ndipo maji na chakula. Sisi tunakumbuka tende tu, tunasahau kwamba mwanamke mwenye uchungu hapigiwi kelele.

Mwaka 2011 wataalamu wa Yordani walichapisha utafiti juu ya jambo hili. Wanawake 69 walikula tende sita kila siku katika majuma manne ya mwisho, wengine 45 hawakula. Waliokula walifika hospitali mlango wa uzazi ukiwa umefunguka zaidi, na 96 katika kila mia walianza uchungu wenyewe, kwa wengine 79. Ni utafiti mdogo, tusiugeuze kuwa dalili ya mwisho. Lakini tende ni chakula cha halali chenye nguvu, na mama atakayezaa anahitaji nguvu. Huku kwetu tende huonekana sana Ramadhani, kisha bei inapanda; asiyezipata asihuzunike. Mwenye ugonjwa wa sukari aulize kwanza.

Kutembea pole pole jioni ni kuzuri kwa mwili na usingizi, ingawa hakuna uhakika kwamba kunaanzisha uchungu. Kubeba bidoni za maji na magunia si kutembea. Hiyo kazi apewe mwingine. Tendo la ndoa wengi hulitaja, kwa kuwa katika manii kuna kitu kinacholainisha mlango wa uzazi. Walipopima, hawakuona tofauti kubwa. Halina ubaya kama mama anataka, maji hayajapasuka, hakuna damu, na hakuambiwa kwamba kondo liko chini. Kusugua chuchu huamsha kweli uchungu kwa mama ambaye mwili wake uko tayari, lakini kunaweza kuuzidisha mpaka mtoto akose hewa, kwa hiyo kusifanywe nyumbani bila mkunga kujua.

Mafuta ya mbarika yanaleta kuhara na kutapika, mama anaingia kwenye uzazi akiwa amekauka. Dawa za majani ni mbaya zaidi, si kwa sababu majani hayana kitu, bali kwa sababu baadhi yana nguvu kweli na hakuna anayejua kipimo. Tumbo la uzazi linabana bila kupumzika. Linaweza kupasuka, hasa kwa mama aliyewahi kupasuliwa au aliyezaa mara nyingi. Hapo mtoto hufa, na mara nyingine mama pia.

Vivyo hivyo vidonge vya misoprostoli vinavyouzwa kwa siri. Kidonge kimoja kina mikrogramu 200. Katika maternite, kuanzisha uchungu kwa njia ya mdomo, wanatoa mikrogramu 25 kwa mara moja, wakisikiliza moyo wa mtoto. Anayemeza kidonge kizima nyumbani amemeza mara nane ya kipimo hicho. Na kama umekwisha kunywa kitu, mwambie mkunga ukweli. Usione haya, maana akiongeza dawa juu ya dawa bila kujua, atakuua.

Majuma 41 yakitimia bila uchungu, nenda maternite. Shirika la Afya Duniani linashauri uchungu uanzishwe huko. Usingoje siku hiyo ukiona damu, mtoto amepunguza kucheza, maji yamepasuka, au kichwa kinauma sana na macho yanaona giza. Baba, pesa ya pikipiki iwekwe kando kuanzia mwezi wa nane, na namba ya dereva anayekubali kutoka usiku iwe kwenye simu ya mama pia, si yako peke yako.