KUANDIKA NDOTO ZA USIKU: JAWABU KWA MUULIZAJI

Bismillahi Rahmani Rahim. Dada yetu mmoja anayehudhuria darasa ya wanawake ametuletea suali. Ametwambia kwamba kila alfajiri, akisha kusali, huandika katika daftari ndoto alizoota usiku ule, hasa zile za ajabu zenye kumkaa machoni. Jirani zake wamegawanyika mafungu mawili: wengine wamemwambia kuwa hiyo ni kazi ya wapiga ramli na ni haramu, na wengine wamekuwa wakimjia mlangoni wafasiriwe ndoto zao. Naye mwenyewe ana ndoto moja inayomsumbua: amemuona wifi yake akifukia kitu chini ya kizingiti cha nyumba yake, na tangu hapo hawasemezani. Auliza, je, aendelee kuandika, au aache?

Jawabu letu ni kuwa aandike, na sababu tutaieleza.

Jambo lenyewe si geni katika dini yetu. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Samura bin Jundub (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akisha kusali Alfajiri huwaelekea Masahaba zake, akawauliza kama yuko miongoni mwao aliyeota usiku ule. Tazama, ewe ndugu msomaji, wakati aliouchagua. Wataalamu wa usingizi, tangu Aserinsky na Kleitman walipotangaza mjini Chicago mwaka 1953 kwamba macho ya mtu aliyelala huenda mbio nyakati maalumu za usiku, wametambua kuwa mtu akiamshwa katika nyakati hizo mara nyingi huwa ana ndoto ya kusimulia, na kwamba nyakati hizo hurefuka kadiri asubuhi inavyokaribia. Nao wasema ndoto husahaulika upesi mno. Basi mwenye kungoja mpaka ameshakunywa chai na kuzungumza na watu, huyo haandiki alichokiota, bali huandika alichokitia ili kuziba mapengo.

Tena Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba ndoto ni namna tatu: ya kheri itokayo kwa Mwenyezi Mungu, ya kuhuzunisha itokayo kwa Shetani, na ile ambayo ni mazungumzo ya nafsi ya mtu mwenyewe, yaani mambo aliyoshinda nayo. Hiyo ya tatu, kwa maoni yetu, ndiyo ijazayo kurasa nyingi. Aliyelala na deni huota anadaiwa, na aliyekula biriani ya arusi usiku wa manane asishangae akiota anafukuzwa na ngamia.

Na wako maulamaa waliotutangulia katika kuandika. Katika maktaba ya Dhahiriya mjini Damascus palihifadhiwa kurasa zilizoandikwa kwa mkono wake mwenyewe na Ibn al-Banna, mwanachuoni wa madhehebu ya Hanbali wa Baghdad, aliyefariki mwaka 471 H. Kurasa hizo, ambazo George Makdisi alizitoa chapa miaka ya 1956 na 1957, ni daftari la kila siku: khabari za mji, vifo, mizozo ya wanavyuoni, na kati ya hayo ndoto, zake na za watu waliomjia, zimetiwa tarehe kama khabari nyingine yoyote. Hatusemi kwamba bwana huyo alisalimika na matamanio ya nafsi. Baadhi ya ndoto hizo zahusu mizozo ile ile aliyokuwa mmoja wa wahusika wake. Lakini kwa kuwa aliziandika zikiwa na siku yake na jina la mwenye kuota, sisi tuliokuja zaidi ya miaka mia tisa baadaye twaweza kuzipima. Ndoto ya mdomoni haipimiki.

Hapa ndipo twarudi kwa dada yetu na wifi yake. Tulimwomba atusomee kurasa zenyewe. Ukurasa wa kwanza, wa mwezi wa Rajabu, wasema ameona mwanamke aliyejitanda leso, ameinama karibu na mlango, na uso wake haukuonekana. Juma la pili yake ndoto ilimrudia, naye kati ya hapo alikuwa ameisimulia kwa shoga zake wawili. Ukurasa wa pili wasema mwanamke yule ni mrefu. Wifi yake ni mrefu. Ukurasa wa tatu, ulioandikwa baada ya kuteta kwa ajili ya fedha za arusi, una jina. Alipofika hapo alinyamaza, akarudi ukurasa wa kwanza akausoma tena kwa sauti ndogo. Lau si daftari hilo, angaliweza kuapa mbele ya Kadhi kwamba tangu usiku wa kwanza alimuona wifi yake, na angaliapa akiamini. Nyumba ngapi katika miji yetu zimevunjika, na wazee wangapi wameitwa wachawi, kwa ndoto iliyooteshwa uso na midomo ya watu!

Na hata ndoto ikiwa ya kweli, haiwi sharia. Watu hutaja adhana, wakasema ilitoka katika ndoto ya Abdullahi bin Zaid (r.a.). Ni kweli aliota akifundishwa maneno yake, lakini aliipeleka kwa Mtume (s.a.w.), na Mtume ndiye aliyesema ni ndoto ya haki, akamwamuru amfundishe Bilal. Adhana ni sharia kwa sababu ya amri hiyo. Leo nani atakayetuthibitishia ndoto ya jirani?

Waliosahau hayo walidanganywa kwa barua. Mwaka 1908, katika pwani ya kusini iliyokuwa chini ya Wadachi, ilienea Lindi na kwingineko barua isemayo kwamba Sheikh Ahmad, mtumishi wa kaburi la Mtume huko Madina, amemuota Mtume akiwaonya watu kuwa Kiyama kimekaribia. Vita vya Maji Maji vilikuwa ndiyo kwanza vimekwisha, na serikali ikaingiwa na hofu. Lakini barua yenyewe haikuwa mpya: katika miaka ya 1880 ilikuwa imeshafika Java! Sheikh Rashid Ridha wa Misri, mwenye Al-Manar, aliikanusha, na baada yake Sheikh Abdulaziz bin Baz, aliyefariki mwaka 1999, naye akaandika kuionya umma. Na juzi imetujia tena kwa simu, na ahadi yake ya msiba kwa asiyeieneza. Sheikh Ahmad huyo ana umri mrefu kweli kweli. Aliyeizua na alikumbuke onyo la Mtume (s.a.w.), kwamba mwenye kudai ndoto asiyoiota atalazimishwa Siku ya Kiyama kufunga pamoja mbegu mbili za shayiri, na hataweza.

Basi dada yetu na aandike mara tu aamkapo, kabla ya kusema na mtu, atie tarehe, aandike na jambo lililomshughulisha mchana wake. Pengo aliache pengo. Anachodhani kuwa ndiyo maana yake akiandike mbali, upande wa pili. Ndoto mbaya twaona bora asiiandike kabisa: ateme kidogo kushoto mara tatu, ajikinge kwa Mwenyezi Mungu na Shetani, ageuke ubavu. Bedui mmoja alimweleza Mtume (s.a.w.) kwamba ameota kichwa chake kimekatwa nacho kinabingirika naye akikifuata mbio, naye akamkataza kuwahadithia watu mchezo anaochezewa na Shetani usingizini. Na daftari lisiachwe juu ya meza ya sebule, kwani kusimulia kwa kalamu nako ni kusimulia.

Kitabu cha tafsiri kinachouzwa kwa jina la Ibn Sirin asikinunue kwa ajili ya kazi hii. Si chake, kilitungwa muda mrefu baada ya kufa kwake mwaka 110 H. Na wale jirani wanaokuja mlangoni na ndoto zao, awakaribishe, awape kahawa, awaambie kuwa hajui.