Dondoo muhimu: picha hafifu kwenye runinga kubwa

Picha ya kiwango cha kawaida, kama ya DVD za mfumo wa PAL, ina nukta 720 kwa 576. Runinga ya Full HD ina 1920 kwa 1080, yaani mara 5 kamili. Kwa hiyo nukta nne katika kila tano unazoziona zimekisiwa na runinga yenyewe, na hakuna kitufe cha rimoti kitakachorudisha kisichorekodiwa. Kilicho mikononi mwako ni kuzuia uharibifu usizidi. Anza na kipimo cha Sharpness: kishushe mpaka ile mistari myeupe inayozunguka mabega ya mtangazaji itoweke. Wapo watakaolalamika kwamba picha imefifia, lakini ule ukali ulikuwa wa bandia. Achana pia na hali ya Vivid, inayofaa zaidi mwanga wa dukani kuliko sebuleni.

Waya nao una lake. Ule wa njano hupitisha mwanga na rangi vikiwa vimechanganyika, ndiyo maana kingo za rangi huchuja. Ni kweli HDMI haiigeuzi picha kuwa HD, ila haiiongezei ukungu. Kipindi cha 4:3 kiache na mapengo meusi pembeni. Ukikinyoosha kujaza kioo, kila mtu hunenepa kwa theluthi nzima (na bado kuna wanaoapa ndivyo inavyopendeza). Ikiwa bado huridhiki, sogeza kochi nyuma. Hilo halina gharama, na mara nyingi ndilo linalosaidia kuliko yote.