Kwa Nini Nyasi Hazitushibishi: Somo la Vimeng'enya



Jumamosi moja, katika darasa letu la marudio, nilikuwa nikieleza molekuli kubwa za uhai: kabohidrati, protini, mafuta na asidi nukleiki. Nikasema, kama vitabu vinavyosema, kwamba wanga wa mtama na selulosi ya nyasi vyote ni minyororo ya glukosi. Dada mmoja wa mwaka wa kwanza akanyoosha mkono. "Ustadhi, ikiwa vyote ni glukosi, mbona mwaka 2017 watu wa Leer na Mayendit walikufa njaa, na nyasi zimewazunguka?"

Nilimjibu kwamba nyasi ni ngumu. Halikuwa jibu. Saga nyasi ziwe laini kama unga wa asida, bado hazitakushibisha. Nimeona nimjibu hapa, maana huenda wengine wetu tunakwenda kwenye mtihani na jibu lile lile.

Tofauti iko kwenye kifungo kinachoshika glukosi moja na nyingine. Katika wanga, glukosi zote zimeelekea upande mmoja, na kifungo chake huitwa alfa. Mnyororo hujikunja kama springi. Katika selulosi kifungo ni beta: kila glukosi imegeuzwa kinyume na jirani yake. Mnyororo hunyooka, na minyororo mingi hulala sambamba ikishikana kama fito za ukuta. Sukari ni ile ile, ila imepangwa vingine.

Sasa njoo kwa kimeng'enya. Amilesi iliyo katika mate yako ni protini, yaani mnyororo wa asidi amino uliokunjwa mpaka ukapata umbo lenye kijishimo. Kifungo cha alfa hukaa humo na kukatwa. Kifungo cha beta hakikai. Mwaka 1894 Emil Fischer alilifananisha jambo hili na kufuli na ufunguo wake. Baadaye ilionekana kwamba kimeng'enya nacho hujirekebisha kidogo kinapokishika kitu chake, lakini kwa swali letu mfano wa Fischer unatosha. Mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kukata selulosi. Bakteria wa utumbo mpana huchachusha sehemu ndogo ya nyuzinyuzi, lakini hiyo haimwezeshi mtu kuishi.

Na ng'ombe? Hata yeye hana! Katika tumbo lake la kwanza wanaishi vijidudu wengi mno, nao ndio wanaotoa selulesi. Mfugaji anayekunywa maziwa anakula nyasi kwa kupitia vijidudu hao. Ndiyo maana mifugo ikiporwa, watu hupoteza pia njia yao ya kuzigeuza nyasi kuwa chakula.

Njaa ilipotangazwa rasmi katika kaunti zile mbili mwezi Februari 2017, watu waliokimbilia vinamasini walikula samaki na mayungiyungi. Hawakuchagua yungiyungi ovyo. Mbegu zake na mizizi yake iliyovimba ina wanga, yaani kifungo cha alfa. Wazee walilijua hilo bila maabara.

Elimu ya vimeng'enya yenyewe ilianzia kwenye nafaka. Mwaka 1833 Wafaransa Anselme Payen na Jean-François Persoz walitoa katika shayiri iliyochipua kitu kinachogeuza wanga kuwa sukari. Miaka mitano baadaye, Payen huyo huyo akaitenga selulosi. Nasi tuna mfano wetu: mtama wa hulu-mur ya Ramadhani huoteshwa kwanza. Mbegu ikichipua hutengeneza amilesi, na utamu huanzia hapo.

Jaribuni wenyewe, baada ya futari. Chukua vikombe viwili vya uji mwepesi wa mtama, uvuguvugu tu. Kimoja tia mate, cha pili tia mate yaliyochemshwa kisha yakapoa. Subiri nusu saa, kisha dondoshea iodini ya duka la dawa. (Usinywe!) Chenye mate mabichi rangi ya buluu-nyeusi itakuwa hafifu au haitatokea kabisa. Cha pili kitakuwa cheusi. Hapo wengi huandika kwamba kimeng'enya "kimekufa". Kimeng'enya hakina uhai, hivyo hakifi; joto limeukunjua mkunjo wake na kijishimo kimeharibika. Tumboni nako asidi huisimamisha amilesi ya mate, na kazi huendelea kwenye utumbo mwembamba kwa amilesi ya kongosho.

Mwenye subira atie pia kipande cha pamba kwenye kikombe cha mate. Pamba ni selulosi karibu tupu. Akikitazama kesho yake asubuhi atakikuta kama alivyokiweka.