Umri wa Shoka la Kifipa

Mwanafunzi wa Malangali, Sumbawanga (si Malangali ya Mufindi), akileta darasani shoka la babu yake, wenzake watauliza: lina umri gani? Umbo halitoshi kutoa jibu. Shoka la kienyeji halina tundu la mpini kama la dukani. Lina mkia mwembamba unaopenya kichwa kinene cha mpini. Lakini wahunzi wamefua umbo hilo kwa vizazi vingi, hata kwa springi kuukuu za magari, na mpini hubadilishwa kila unapovunjika.

Basi na tukitazame chuma chenyewe. Katika ilungu, tanuru la udongo la Wafipa lenye kimo cha mita 3 hivi, hewa ilijivuta yenyewe kupitia mirija ya udongo, pasipo mivukuto. Chuma hakikuwa maji. Kilibaki bonge lililochanganyika na mavi ya chuma. Bonge hilo lilisafishwa katika tanuru dogo, kintengwe, lililovuviwa kwa mivukuto, ndipo likafuliwa. Hata baada ya kupigwa sana kwa nyundo, mabaki ya mavi hayo hukaa ndani ya shoka, yamenyooka mfano wa nyuzi, na hadubini huyaonyesha. Feleji ya viwandani, iliyoyeyushwa kabisa, haina nyuzi hizo. Hata hivyo tuwe na hadhari: chuma cha Ulaya cha karne ya 19 huweza kuwa nazo.

Je, kaboni-14? Kaboni ya chuma cha ilungu ilitoka katika mkaa wa miti, hivyo hupimika. Feleji ya makaa ya mawe haina kaboni-14, na shoka la springi likipimwa laweza kuonekana la kale kuliko ufuaji wa chuma wenyewe! Tena, kwa vitu vya baada ya mwaka 1650 hivi, kipimo kimoja hutoa majibu kadhaa, maana kaboni-14 ya hewani haikuwa na kiwango kimoja.

Kazi ya kawaida ya malungu ilikoma katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Lakini jembe la zamani huweza kufuliwa upya likawa shoka. Hapo maabara itapima umri wa chuma, si wa shoka. Nani alilifua, na lilirithiwa kwa nani, atajua mzee wa nyumba hiyo. Mwalimu ayaandike maelezo hayo siku hiyo hiyo, wala asiruhusu shoka lipigwe msasa.