Somo la Leo: Imani Katika Wimbo Tunaouimba



Wengi wetu tuliimba nyimbo za dini kabla ya kujua kusoma. Tulizishika kwa masikio. Mwimbishaji alianza, nasi tukafuata. Pengine tulikosea maneno, wala hatukujua kama tumekosea.

Sasa tunajua kusoma. Hebu tufungue kitabu cha nyimbo, tukisome polepole kama tunavyosoma barua iliyotoka kwa ndugu yetu wa mbali. Wimbo una sauti, lakini pia una habari.

Leo tutazame wimbo mmoja unaojulikana sana, "Yesu Kwetu ni Rafiki". Umo katika kitabu cha Tenzi za Rohoni. Huimbwa ibadani, huimbwa hata msibani. Wimbo huu unamhimiza Mkristo ampelekee Mungu shida zake katika sala. Je, aliyeutunga alikuwa mtu asiye na shida? Tusome habari zake.

Mtunzi wa wimbo

Jina lake ni Joseph Scriven. Alizaliwa nchi ya Ayalandi mwaka 1819, akasoma mjini Dublin. Inasimuliwa kwamba alipata mchumba, lakini siku moja kabla ya harusi yule binti alizama majini akafa. Baadaye Scriven alihamia nchi ya Kanada, ng'ambo ya bahari kubwa.

Mwaka 1855 alisikia kuwa mama yake, aliyebaki Ayalandi, yumo katika majonzi. Atafanyaje? Safari ilikuwa ndefu mno. Basi akachukua kalamu, akamwandikia mama yake shairi la kumfariji. Hakuliandika ili apate sifa au fedha. Mwaka 1868 Mmarekani aitwaye Charles Converse alilitungia sauti. Tangu hapo limeimbwa katika lugha nyingi, na Kiswahili ni mojawapo.

Imani haizuii machozi

Je, baada ya kuandika shairi lile, shida za Scriven zilikwisha? La, hazikwisha. Alipata mchumba wa pili, naye akaugua akafa mwaka 1860. Scriven hakuoa kamwe. Siku zake za mwisho alikuwa mgonjwa, tena mwenye huzuni nzito. Alifariki mwaka 1886.

Hapa ndipo penye fundisho. Kijijini tumesikia mtu akimwambia mama aliyefiwa na mtoto, "Ungekuwa na imani, mtoto angepona." Ndugu zangu, maneno hayo ni mawe. Mama amebeba msiba, nasi tunamtwisha na lawama! Rafiki zake Ayubu walikosea vivyo hivyo. Walipomwona katika taabu walidhani lazima ametenda dhambi.

Wapo pia wanaomwambia mgonjwa aache dawa za zahanati, eti aombe tu. Wimbo wetu haufundishi hivyo. Sala na dawa havigombani. Mkulima Mkristo huomba mvua, na jembe analishika.

Basi imani ni nini? Kwa Mkristo, imani ni kumtegemea Mungu wakati wa raha na wakati wa taabu. Mwenye imani hulia kama watu wengine. Tofauti ni kwamba anajua pa kupeleka kilio chake.

Imani ina mikono

Kule Kanada watu walimkumbuka Scriven kwa jambo jingine, nalo ni msumeno. Alikuwa akiwakatia kuni wajane, wagonjwa na maskini bila malipo. Nchi ile ina baridi kali, na nyumba isiyo na kuni wakati wa baridi ni hatari. Inasimuliwa kwamba mtu mmoja mwenye uwezo alimwona na msumeno wake, akataka kumwajiri. Akaambiwa kwamba huyu hakati kuni za wenye uwezo wa kulipa.

Mtume Yakobo, katika sura ya 2 ya waraka wake, anatoa mfano wa mtu asiye na nguo wala chakula. Wenzake wanamuaga kwa maneno mazuri, lakini hawampi kitu. Yakobo anauliza, maneno hayo yatamfaa nini? Scriven alilijibu swali hilo kwa jasho lake. Aliwafariji watu kwa kalamu, akawafariji kwa msumeno pia.

Na sisi je? Kwaya yetu huimba vizuri nyumbani kwa mfiwa. Siku ya tatu watu hutawanyika. Mwezi ukipita, nani humchotea maji yule bibi? Nani humwezekea paa linalovuja? Tukiimba kwamba Yesu ni rafiki, basi jirani naye auone urafiki huo mlangoni kwake.

Jumapili ijayo, kabla ya kuimba, tusome kwanza beti zote za wimbo kwa sauti. Tuulizane maana yake. Aliyesahau kusoma asaidiwe na mwenzake bila kuchekwa. Kisha tumtaje mtu mmoja kijijini mwenye taabu, tupange siku ya kwenda kumsaidia kazi.

Maneno ya kujifunza

Mtunzi: mtu anayetunga wimbo au shairi.
Majonzi: huzuni kubwa.
Kufariji: kumtuliza mtu mwenye huzuni.
Waraka: barua.

Maswali ya kujadili

1. Scriven aliandika shairi lake kwa ajili ya nani, na kwa nini?
2. Je, ni haki kumwambia aliyefiwa kuwa hana imani? Toa sababu.
3. Scriven aliionyeshaje imani yake kwa kazi za mikono?
4. Taja jambo moja ambalo darasa lenu linaweza kumfanyia mjane au mgonjwa juma hili. Mkiisha kupanga, andikeni siku na majina ya watakaokwenda.