Meneja Anataka PHP, Wewe Unataka Python

Ofisi yenu Sumbawanga imepewa kazi ya kutengeneza mfumo wa kupokea mahindi ghalani: uzito, unyevu, malipo ya mkulima. Meneja keshaamua, PHP. Wewe umetoka kumaliza kozi ya Python na damu inachemka. Taratibu.

1. Msikilize hadi mwisho. "PHP tumeizoea" mara nyingi maana yake ni kwamba kijana aliyepita aliwaachia mfumo usiosomeka, kisha akahamia Dodoma. Hofu hiyo ni ya haki. Ijibu yenyewe, uiache PHP.

2. Usiseme PHP imezeeka. Python ilitoka mwaka 1991, PHP mwaka 1995. Meneja akilijua hilo, umekwisha.

3. Leta hoja za hapahapa Ufipa. Kwa miaka mingi mkoa wenu wa Rukwa ulikuwa nje ya gridi ya Taifa, ukitumia umeme ulionunuliwa Zambia. Sasa karani yuko Mtowisa, kule chini bondeni, malori yamepanga foleni, umeme umekatika, na mtandao umepotea. Je, mfumo utaendelea kupokea mizigo, kuhifadhi kumbukumbu kwenye simu, na kuzituma mtandao ukirudi? Kazi hiyo hufanyika ndani ya kivinjari, na huko mtaandika JavaScript, seva iwe ya PHP au ya Python. Kumbe mnagombania nusu tu ya kazi, tena ile nyepesi.

4. Hesabu mafundi. Mfumo ukigoma wakati wa mavuno nawe uko likizo, nani ataufungua? Kama mtu huyo anajua PHP peke yake, mimi namuunga mkono meneja. Hoja ya kwamba lazima mfuate lugha ya mfumo mkubwa mnaotaka kuunganishwa nao, hiyo ikatae. DHIS2, unaokusanya takwimu za vituo vya afya nchini, umeandikwa kwa Java, lakini hupokea data kupitia API bila kuuliza imetoka lugha gani.

5. Kama ni ofisi ya umma, someni kwanza miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao. Sheria ya Serikali Mtandao ni ya mwaka 2019. Huenda mjadala ukaishia hapo.

6. Usimpinge mbele ya makarani. Subiri watoke, shikamoo yako itangulie, kisha: "Mkuu, naomba siku chache nikuonyeshe kitu." Tengeneza stakabadhi moja tu kwa lugha zote mbili, kwenye kompyuta ileile kuukuu ya ofisi, halafu zima mtandao mbele yake.

7. Akikataa bado, andika PHP, na uiandike vizuri: majina yanayoeleweka, majaribio, nakala ya data nje ya jengo. Python itumie kuandaa ripoti ya mwisho wa mwezi. Sijaona meneja anayeuliza Excel yake imepikwa kwa lugha gani.