Somo la Kompyuta: Kuchagua Namba kwa Nasibu Bila Kumwacha Mtu Nje

Nafasi zinapokuwa chache na waombaji wenye sifa wakawa wengi, kura ya nasibu huondoa upendeleo. Zamani tulikunja vikaratasi tukavitia kofiani. Leo kompyuta hufanya kazi hiyo, ila ukikosea namba moja tu, kuna atakayekosa haki yake na asijue.

Tuchukue mfano. Kaunti ya Kisii ina wadi 45 na Nyamira ina wadi 20. Tukiziorodhesha pamoja, Kisii itachukua namba 1 hadi 45, na Nyamira 46 hadi 65. Ili kuchagua wadi moja ya Nyamira kwa lugha ya Python, andika:

import random
print(random.randint(46, 65))

Amri ya randint hujumuisha namba ya kwanza na ya mwisho. Kujua idadi ya walio kwenye kura, toa ndogo kutoka kwa kubwa, kisha ongeza 1: 65 − 46 + 1 = 20.

Jihadhari na randrange(46, 65). Hiyo huishia 64. Wadi ya 65 haitachaguliwa kamwe, hata ukirudia mara elfu, na kompyuta haitakuonya.

Ukitaka wadi tatu bila kurudia hata moja:

print(random.sample(range(46, 66), 3))

Tumeandika 66 kwa sababu range huacha namba ya mwisho.

Kura inapogusa mali au kazi za watu, usitumie random, kwani hufuata hesabu inayoweza kubashiriwa. Tumia secrets:

import secrets
print(secrets.randbelow(20) + 46)

Hapa randbelow hutoa 0 hadi 19. Ukiongeza 46 unapata 46 hadi 65.

Hata hivyo, kompyuta peke yake haileti haki. Ibara ya 10 ya Katiba inataka uwazi na uwajibikaji. Bandika orodha yenye namba mapema, kisha endesha programu mara moja tu mbele ya mashahidi. Anayerudia hadi lipatikane jina analolitaka hajapiga kura; amechagua mwenyewe.

Zoezi: Waombaji wa vibanda vya soko wamepewa namba 101 hadi 160. Ni wangapi? Andika amri ya kuchagua mmoja.

Jibu: Ni 60; secrets.randbelow(60) + 101.